Jalada la Inchi Thelathini na Moja

Mama yangu ni karani wa masijala, na nyumbani kwetu hakuna jambo linalotokea bila karatasi. Nikitaka viatu, naandika barua. Baba akitaka chumvi mezani anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, ila akirudia ombi, mama humuuliza lile la kwanza alilipokea nani. Nikiwa na miaka saba niliandika "Yah: Kuomba Kulala na Taa," na baada ya siku tatu za kazi nikajibiwa kwamba ombi langu limepokelewa na linashughulikiwa. Taa iliruhusiwa siku ya nne, kwa masharti.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani natunga. Mimi kutunga siwezi. Ninachoweza ni kucheza dansi.

Kikundi chetu kina wasichana wanane. Tunafanya mazoezi kila alasiri kwenye ukumbi wa mtaa, chini ya Mwalimu, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni ambaye anaamini kwamba dansi ni tawi la jeshi. Mavazi yetu hushonwa na Fundi, mama mwenye kibanda cha cherehani kilichoshikana na ukumbi. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu Fundi alinipima mimi peke yangu, akakata vipande vya karatasi ngumu kwa vipimo vyangu, na kwa vipande hivyo akashona magauni manane. Wenzangu wakapunguziwa hapa, wakaongezewa pale. Karatasi zikatundikwa ukutani kwa msumari, juu yake akaandika KIPIMO. Nililionea fahari jambo hilo kwa miaka mitatu mizima, kichwa kimenivimba.

Likizo ya mwaka huu, nikiwa na kumi na sita, nikakua. Naapa sikufanya lolote la maana. Nilikula, nikalala, nikaamka, basi. Niliporudi mazoezini zipu ya gauni ilipanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma.

"Hebu njoo nikupime," Fundi akasema.

Sasa, Fundi ana mazoea yake. Kwa kuwa ameishi miaka thelathini na kelele za cherehani, hapimi mtu kimyakimya. Anapiga ukelele wa namba ili anayeandika asikie, na siku ile aliyekuwa akiandika ni Mwalimu, amesimama mlangoni. Dirisha la kibanda liko wazi saa zote. Ng'ambo ya dirisha, hatua kumi tu, kuna kinyozi, na mbele ya kinyozi kuna benchi, na kwenye benchi kuna wanaume ambao hawajanyolewa wala hawana mpango wa kunyolewa. Wanakaa tu.

"KIUNO THELATHINI NA MOJA!" Fundi akapaza sauti.

"Ngapi?" Mwalimu akauliza.

"THELATHINI NA MOJA! KILIKUWA ISHIRINI NA NNE!"

Mkasi wa kinyozi ukasimama. Nilipotoka kibandani benchi zima lilikuwa limenikodolea macho, na mzee mmoja tunayemwita Mstaafu alikuwa akijumlisha kitu kwenye vidole.

Kufika jioni nilikuwa nimepoteza jina. Mtaa mzima ukaniita Thelathini na Moja. Muuza magazeti alinishauri nipunguze mkate. Mwanamke wa duka la dawa alinishauri nisimsikilize muuza magazeti, kwani kwa macho yake mimi nilikuwa nimekonda sana mabegani. Shangazi yangu alinishika mkono katikati ya barabara, akanizungushia vidole kwenye kiwiko, akatikisa kichwa kwa huzuni bila kueleza kama kiwiko kimezidi au kimepungua. Kinyozi, ambaye tumbo lake hufika kazini kabla yake, alisema kwa sauti kwamba msichana wa dansi anatakiwa awe mwepesi. Waliobaki benchini wakaitikia kama wajumbe.

Mwalimu aliitisha kikao. Akasema tuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadili vazi. Ya pili ni kumrudisha Kipimo, yaani mimi, alivyokuwa. Akaomba kura. Mwili wangu ulishindwa kwa kura saba kwa moja. Hiyo moja ilikuwa yangu, na nasema ukweli, nusura niinue mkono upande wa wale saba.

Hata mama. Jioni ile, wakati akipakua chakula, aliniangalia kuanzia juu hadi chini, akasema, "Kweli siku hizi umejaa," kisha akarudisha kijiko kimoja sufuriani. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile anavyosema jalada limejaa na linahitaji kufunguliwa la pili. Lakini kile kijiko nilikiona kikirudi, na nikala nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nilianza kuuchukia mwili wangu. Sioni sababu ya kuzungukazunguka. Kioo cha chumbani nilikigeuza ukutani, na nikawa napiga mswaki nikikisia meno yalipo. Kisha nikachukua koti la kazi la baba. Baba hutengeneza majokofu, na koti lake ni la bluu, linafika magotini, lina mifuko sita, na mtu yeyote akilivaa anafanana na kabati. Nikalivaa shuleni. Nikalivaa nyumbani. Nikalivaa mazoezini, nikacheza nalo huku bisibisi na koleo zikigongana mifukoni, zikitoa mlio ambao Mwalimu aliutafuta kwa siku mbili akidhani ni hitilafu ya spika.

Na hapo nimtaje mwenye spika. Tulimwita Bwana Spika. Ni mtu mzima, ana mke, ana kampuni ya kukodisha vyombo vya muziki, na ndiye aliyekuwa akitupigia muziki wa mazoezi bure, jambo ambalo Mwalimu alilitaja kila siku kwa heshima kubwa. Watu wa benchi walipiga kelele. Bwana Spika hakupiga kelele. Yeye alishusha sauti. "Umekuwa dada mkubwa," aliniambia siku moja akipita nyuma yangu, polepole, asisikike na mwingine. Nilifunga vifungo vyote vya koti hadi kile cha shingoni, ambacho baba mwenyewe hajawahi kukifunga.

Siku ya tatu ya koti, nikiwa katikati ya mzunguko, bisibisi ilichomoka mfukoni ikaruka ikapasua kioo cha saa ya ukutani. Mwalimu akaandika barua kwa wazazi.

Mama aliipokea barua ile kwa furaha ambayo sijawahi kumletea kwa matokeo ya mtihani. Ilikuwa na tarehe. Ilikuwa na saini. Akaipiga muhuri wa nyumbani (tunao), akanigeukia.

"Toa maelezo."

"Ya maandishi?"

"Kwa sasa ya mdomo. Ya maandishi yatafuata."

Nikapasuka. Nilimweleza kila kitu kuhusu dirisha, namba, benchi, kura na kiwiko cha shangazi. Nililia hadi koti likalowa. Habari ya Bwana Spika sikuisema, kwa sababu sikujua niiseme vipi. Mama alisikiliza akiwa ameshika kalamu.

"Nani hasa alisema?"

"Wote!"

"Wote si mtu. Tarehe? Ameandika? Ametia saini?"

"Mama, watu hawatii saini wakikutukana!"

"Basi hapo ndipo penye kasoro," mama akasema, akaenda kuchukua jalada jipya.

Kesho yake alirudi kutoka kazini na bunda la karatasi alizochapa saa ya chakula cha mchana. Juu iliandikwa FOMU YA MAONI JUU YA MWILI WA MTU MWINGINE. Ilimtaka mtoa maoni aandike jina lake kamili, kazi yake, na uhusiano wake na mwenye mwili. Ataje sehemu anayoitolea maoni. Aseme kama mwenye mwili aliyaomba maoni hayo, ndiyo au hapana. Aeleze kwa maneno yasiyozidi hamsini namna sehemu hiyo inavyomzuia yeye kufanya kazi yake. Na mwisho, kwa herufi kubwa: AMBATISHA VIPIMO VYAKO MWENYEWE, VILIVYOTHIBITISHWA NA FUNDI. Nakala tatu.

"Mtu yeyote akifungua mdomo," mama akaniambia, "mpe fomu. Bila fomu hakusema."

Nilidhani anatania. Mama hatanii. Baba, ambaye kutwa nzima husikiliza majokofu yakinguruma na akirudi nyumbani hupenda kunyamaza, alisoma fomu mbele na nyuma, akanirudishia, akasema, "Chukua na kalamu. Watakwambia hawana kalamu."

Nikapita mbele ya benchi na bunda langu kifuani.

"Thelathini na Moja!" kinyozi akaita. "Leo naona kama thelathini na mbili!"

Nikampa fomu na kalamu. Kinyozi alicheka hadi akakohoa. Akaisoma kwa sauti ili benchi lichekelee. Alipofika kwenye maneno yasiyozidi hamsini sauti ikapungua.

"Sasa hapa niandike nini? Kiuno chake kinanizuiaje kunyoa?"

"Ndiyo swali lenyewe," Mstaafu akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Mzee huyu alifanya kazi ofisini miaka thelathini na minane, na tangu astaafu hakuna aliyempa fomu hata moja ajaze. "Nipe na mimi mbili. Moja ya kujaribia."

Ningependa kusema kwamba waliona aibu wakaacha. Wapi! Walikuwa hawana kazi, na fomu ni kazi. Siku ya pili palikuwa na foleni mbele ya kibanda cha Fundi, wanaume kumi na mmoja, wamekuja kupimwa ili waambatishe. Na Fundi, kama nilivyosema, ana mazoea yake.

"KIUNO ARUBAINI NA TATU!"

"Shhh, Fundi, polepole."

"NIANDIKIE, ARUBAINI NA TATU! NA HAPO AMEVUTA PUMZI! HEBU ACHIA PUMZI, BABA! ARUBAINI NA SITA!"

Mwanamke wa duka la dawa alitoka nje na kiti. Muuza magazeti, mtaalamu wa mkate, alitoka thelathini na tisa, akaomba apimwe upya, akatoka arubaini. Mstaafu alipatikana na kifua cha ishirini na tisa, akasema kipande kingine kilibaki ofisini. Jioni ile mtaa ulikuwa na majina mapya. Kinyozi alipopita kuchota maji watoto walimwita Arubaini na Sita, na nikamwona akiivuta aproni yake ya kunyolea ifunike tumbo. Kuanzia hapo hakuivua tena, hata siku ya mapumziko.

Nilimwona, na badala ya kucheka kama nilivyopanga, nilijisikia vibaya kidogo, maana ile aproni nilikuwa naijua. Ilikuwa ndugu wa koti langu.

Fomu zikaingia jaladani, moja hadi kumi na saba, kila moja na jibu la mama. Mwalimu naye alijaza. Sehemu inayotolewa maoni: mgongo, hasa zipu. Mama akamjibu: "Zipu si sehemu ya mwili wa mwanangu. Tafadhali wasiliana na Fundi." Mwalimu akaenda kwa Fundi na jibu lile mkononi, na Fundi akaligeuza gauni langu ndani nje mbele yetu wote.

"Si kuna nguo hapa," akasema. Ndani ya mshono, kila upande, kulikuwa na inchi nne za kitambaa zilizokunjwa tangu miaka mitatu iliyopita. "Nguo ya mtoto lazima uache ya akiba. Watoto wanakua."

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nani aliniuliza? Nyie mmenikuta napima, mkakimbilia kupiga kura."

Alifumua na kushona upya kwa nusu saa, huku akiimba. Zipu ikapanda hadi juu. Kikao cha kura saba kwa moja hakuna aliyekitaja tena, ila kwenye jalada kipo.

Hapo ndipo hadithi ingeisha kama dunia yote ingekuwa na watu wa benchi tu. Onyesho lilikuwa Jumamosi saa kumi, ukumbini. Gauni lilinitosha. Lakini sikulivua koti, na kila mtu alianza kuniuliza kulikoni.

Ni kwa sababu Bwana Spika alikuwa ameanza kunisubiri. Kuna kona kati ya ukumbi na kwetu, penye ukuta wa karakana na hakuna duka. Mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya. Mara ya pili alitembea na mimi, upande wangu, akipunguza hatua nikipunguza na kuongeza nikiongeza. Mara ya tatu alishika ukosi wa koti kwa vidole viwili, akasema, "Hili unamfichia nani? Mimi nishakuona."

Nikafanya nilichofundishwa. Nikampa fomu.

Hakucheka kama kinyozi. Alitabasamu, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. "Mimi na wewe karatasi za nini?" akasema. "Mambo yetu hayana haja ya kuandikwa."

Nikakimbia. Siku mbili nikasubiri fomu ile irudi, kwa ujinga wangu. Nilifungua jalada la mama nikahesabu, moja hadi kumi na saba. Arubaini na Sita alikuwemo, shangazi alikuwemo, hata Mstaafu na nakala yake ya kujaribia. Yule mmoja niliyemwogopa kweli hakuwemo, na kwa sheria ya nyumba yetu, bila fomu hakusema.

Jumamosi mchana, saa nane na nusu, niliandika barua. "Yah: Kujiondoa Kwenye Kikundi cha Dansi." Nikaiweka mezani mbele ya mama, ambaye alikuwa akitoboa karatasi kwa kile kitoboleo chake. Alisoma.

"Haina sababu," akasema. "Barua ya kujiondoa isiyo na sababu hairuhusiwi kupokelewa."

"Sina kiambatisho," nikasema.

"Kiambatisho cha nini?"

"Kuna mtu hakujaza."

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianza na ukosi, nikirudi kwenye kona, nikisahau siku na kuchanganya mara ya pili na ya tatu. Nilijua kila ninaposema "nadhani" ninaharibu. Nilisubiri aniulize tarehe. Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, na kikombe kile hakikufika mdomoni.

Mama hakuuliza tarehe. Aliweka kofia ya kalamu juu ya kalamu, taratibu, akaisukuma pembeni, akasimama. Akatoka kama alivyo, bila mkoba, mguu mmoja umevaa kandambili yake na mwingine ya baba. Katika maisha yangu sijawahi kumwona mama akitoka nyumbani bila kalamu. Baba akaweka kikombe chini akamfuata, na mimi nikawafuata nikiwa ndani ya koti.

Ukumbini viti vilikuwa vimeshapangwa. Wenzangu saba walikuwa wanajinyoosha, Fundi anawafunga vifungo, Mwalimu anapuliza filimbi bila sababu. Mlango wa barabarani ulikuwa wazi na spika nne kubwa zimeelekezwa nje kuita watu. Bwana Spika alikuwa amesimama katikati na kipaza sauti. "Moja, mbili," anasema. "Moja, mbili."

Mama akamnyang'anya kipaza sauti. Sidhani alikusudia kukitumia. Nadhani aliona tu kitu mkononi mwa yule mtu hakutaka awe nacho. Lakini kilikuwa kimewashwa, na mama alipofungua mdomo mtaa mzima ulimsikia.

"Mtoto unayemsubiri pale kwenye kona ni wangu. Ana miaka kumi na sita. Umemfuata mara tatu na umemshika nguo. Hutamsubiri tena."

Ng'ambo ya barabara mkasi ulisimama.

Bwana Spika aliangalia huku na huku, akatabasamu lile tabasamu lake, akachukua kipaza sauti kingine kutoka mezani. "Mama, heshima yako," akasema, na sauti yake nayo ikatoka kwenye spika zote nne. "Wewe ni mtu wa masijala. Unajua taratibu kuliko sisi wote. Jambo kama hili lina maandishi? Onyesha karatasi."

Watu wote wakamgeukia mama. Walioijaza fomu yake walikuwa wameshajaa mlangoni, na nikaona nyusoni mwao kwamba swali lile wameliona la haki. Moyo wangu ulishuka hadi kwenye mifuko ya chini.

"Karatasi sina," mama akasema. "Nimeambiwa na mwanangu."

"Sasa jamani, kama kila mtoto akisema tu—"

Sentensi hiyo haikuisha. Baba alikuwa amepita nyuma ya spika, na kwa ujuzi wa mtu ambaye amechomoa majokofu maisha yake yote, alichomoa waya. Bwana Spika aliendelea kuchezesha midomo kidogo kabla hajagundua. Bila umeme sauti yake ilikuwa ndogo ajabu. Fundi akaweka pini chini, akasimama kati yangu na yeye, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema lolote kwa sauti kubwa. "Toka," akasema.

Walewale waliojaa mlangoni wakamtoa pamoja na vyombo vyake. Kinyozi alibeba spika mbili kwa mpigo, moja kila bega, na aproni. Jumatatu yake mama na baba walinipeleka polisi, ambako mama aliwadai fomu ambayo kituo hakikuwa nayo, na wakalazimika kuichapa mbele yake. Jambo hilo linaendelea, na namba yake ya jalada naijua kwa moyo.

Lakini ilikuwa bado saa tisa na nusu, Jumamosi, na Mwalimu alikuwa ameshika kichwa.

"Na muziki?" akasema. "Tutachezea nini?"

Kisha tukasikia kitu kinaburutwa barabarani. Kinyozi na muuza magazeti walikuwa wanaleta benchi, na wenzao wanne, Mstaafu akiwemo, wanawafuata. Wakaliweka pembeni mwa jukwaa, wakapiga magoti, na Arubaini na Sita akalipiga kwa viganja. Lile benchi lilikuwa na sauti nzuri, nzito. Kumbe miaka yote walikuwa wamekaa juu ya ngoma.

"Mtapiga mkitazama ukuta," mama akawaambia.

Wakageuka, wote sita, wakawapa watu visogo. Mstaafu akageuka na kufumba macho juu yake, kwa usalama.

Watu wakaingia, ukumbi ukajaa. Fundi akanivalisha gauni langu chini ya koti, tukapanga mstari. Nikawaangalia wale wanaume wakubwa wamelikabili tofali, shingo zimekakamaa, na nikasikia kitu kinanipanda ambacho nilidhani ni kilio, kumbe ni hasira nzuri, ile inayokuja na nguvu za miguu.

"Wageuke," nikasema.

"Una hakika?" mama akauliza.

"Mimi nacheza, mama. Nacheza ili nionwe. Nikimaliza kucheza, wakashike shughuli zao."

Wakageuka. Nikafungua kifungo cha shingoni, kisha vingine vyote, nikamkabidhi baba koti lake. Alilipokea kwa mikono miwili. Inchi zangu thelathini na moja zilikuwa ndani ya gauni, na zile za akiba ambazo Fundi alizifumua zilikuwa na rangi mpya zaidi, hazijapigwa na jua, mistari miwili iliyoshuka ubavuni. Kila mtu aliiona. Nilicheza hadi benchi likapasuka mguu. Sijui nilifananaje. Kwa mara ya kwanza tangu likizo, sikuwa na muda wa kujiuliza.

Tuliporudi nyumbani mama alikaa kwenye jalada lake kabla hata ya kuvua zile kandambili za watu wawili. Aliandika muda mrefu. Alipokwenda jikoni nikalifungua, nikitegemea kusoma habari ya Bwana Spika. Haikuwepo. Kulikuwa na fomu namba kumi na nane, imejazwa kwa mwandiko wa mama.

Uhusiano na mwenye mwili: mama mzazi. Sehemu: kiuno. Maoni: "Umejaa." Je, mwenye mwili aliyaomba? Hapana. Namna sehemu hiyo inavyonizuia kufanya kazi yangu: hainizuii. Nyuma yake kulikuwa na kikaratasi cha Fundi chenye vipimo vya mama, alivyochukua siku ambayo sikujua, na nina hakika viliitwa kwa sauti kubwa kama vya wengine. Chini kabisa, kwenye nafasi ya hatua iliyochukuliwa, aliandika maneno mawili: "Kijiko kirudishwe."

Akatoka jikoni na sufuria. Nikafunga jalada haraka, nikakaa. Alipakua sahani ya baba, akapakua yake, akaja kwenye yangu. Akaweka vijiko vyangu vya siku zote, akasita, akaongeza kimoja, akaendelea na mboga bila kuniangalia.

Nilikila chote.